Kule Barumbu: Mmea wa Maua ya Buluu na Wageni Wake

Mtu akitaja mto Kongo, wengi wetu huwaza mara moja viboko na mamba, au maporomoko ya Boyoma yangurumayo karibu na mji wa Kisangani. Sisi tuliporudi kutoka huko tulikuwa na habari ya kitu kidogo sana. Ni mmea wa porini, wenye malaika mengi na maua madogo ya buluu, ambao watu huukanyaga kila siku wakienda kuteka maji. Hatukusafiri kwa ajili yake. Tulikwenda Barumbu kuwasalimu jamaa, nao ukatukuta njiani. Lakini katika siku tatu tulizokaa kule mmea huo ulitufundisha mambo mengi, na mwishowe ulitutia katika shauri zito, ambalo twaona yafaa kuwasimulieni.

Tulitoka Kisangani mwezi wa Februari, wakati maji ya mto yamepungua na mafungu ya mchanga yameanza kuonekana. Mji huo mpaka mwaka 1966 uliitwa Stanleyville, na tangu mwaka 2015 ndio makao makuu ya jimbo la Tshopo. Tulipanda mashua kubwa ya mbao, yenye mtambo nyuma na turubai juu. Ilikuwa imejaa magunia ya chumvi, katoni za sabuni, vitenge, baiskeli, na mbuzi wawili waliofungwa karibu na miguu yetu. Akina mama walipika humo humo ndani ya mashua, nasi tulikula sombe na kwanga huku misitu ya kando ikipita polepole.

Baada ya kilomita kama mia moja tuliona Yangambi juu ya ukingo wa kulia. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya INEAC, chuo cha utafiti wa kilimo kilichoundwa mwaka 1933 wakati wa utawala wa Wabelgiji. Leo mahali pake pameshikwa na INERA, na ghala la mimea mikavu lililoko huko lina vielelezo zaidi ya laki moja, vyote vimebanwa katika karatasi na kuandikwa majina. Mbele kidogo tulifika Isangi, ambapo mto Lomami huingia katika Kongo. Hii ni nchi ya Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mtoni, waliosifika tangu zamani kwa ngoma zao ziwezazo kupeleka maneno kutoka kijiji hata kijiji.

Kisha tukafika Basoko, penye makutano ya mto Aruwimi. Mahali hapa pana historia yake. Tarehe 1 Februari 1877 Stanley aliteremka na mitumbwi yake, pamoja na Waswahili wa Unguja waliofuatana naye, akakutana na kundi kubwa la mitumbwi ya vita ya wenyeji waliotoka kuilinda nchi yao. Leo pwani ya Basoko ina soko, watoto waogao, na mitumbwi yenye ndizi na samaki wa kukaushwa. Toka hapo hadi Barumbu si mwendo mrefu. Tulichukua mtumbwi, na jua lilipoanza kuinama tulikuwa tumekwisha fika.

Barumbu ni mahali pa utulivu. Zamani INEAC ilikuwa na kituo chake hapa, na mzee mmoja alitueleza kwamba baba yake alifanya kazi ya kupima miti. Sasa nyumba za watu zimesimama kati ya michikichi na migomba, na nyuma yake msitu unaanza. Mbele ni mto wenyewe, mpana hata mtu aliye ng'ambo haonekani. Watu wa huku husema Kilingala, lakini Kiswahili cha Kisangani nacho hakiwapigi chenga. Tulipokewa na bibi mmoja mzee, ambaye wote humwita Koko, yaani bibi, kwa heshima ya umri wake. Ujana wake aliukaa Kisangani, kwa hiyo tulizungumza naye bila mkalimani. Alikuwa akimlea mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka minne hivi.

Asubuhi ya kwanza tuliteremka mtoni pamoja na mwalimu wa shule, kijana mpole apendaye sana kuwafundisha watoto mambo ya wadudu na mimea. Maji yalikuwa yameacha fungu refu la mchanga na matope makavu, na hapo mmea wetu ulikuwa umejiotea kwa wingi, mwingine ukifika gotini, mwingine kiunoni. Shina lake lina malaika meupe, na ukilishika linakwaruza kidogo mkononi. Majani yake ni mapana, yamekunjamana kidogo, na kingo zake ni kama mawimbi. Lakini ajabu yake ni kikonyo cha maua. Kimejikunja nchani kama mkia wa nge, na juu ya mgongo wake maua madogo ya buluu, mengine ya zambarau, yamepangwa safu mbili. Kadiri maua ya chini yafunguavyo, mkia nao hujikunjua.

Mwalimu alituambia kwamba wataalamu huuita Heliotropium indicum, jina lililotolewa na Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Neno la kwanza limetoka katika Kiyunani, nalo lasema juu ya kugeuka pamoja na jua. Neno la pili lautaja Uhindi, ingawa wataalamu wa leo wauhesabu kuwa ni mmea wa asili ya Amerika. Sasa umeenea katika nchi zote za joto, nao hupenda kando za mito, viwanja vilivyoachwa, na mashamba yaliyochoka.

“Sasa tazameni wageni wake,” mwalimu akasema.

Tulitazama. Nyuki walikuwepo, na nzi wadogo, na vipepeo weupe wakipita kutoka ua hadi ua kwa ajili ya utamu wake. Hayo tuliyategemea. Lakini kando ya njia mtu alikuwa ameng'oa mimea michache na kuitupa, nayo ilikuwa imekauka na kuwa ya rangi ya udongo. Haikuwa na ua, wala utamu, wala ubichi wowote. Kumbe hapo ndipo palipokuwa na umati! Vipepeo zaidi ya ishirini walikuwa wameng'ang'ania vijiti vile vikavu. Walikuwamo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi na madoa meupe. Hao huitwa Danaus chrysippus. Walikuwamo weusi wenye mabaka makubwa meupe, wa ukoo wa Amauris, wapendao kivuli cha msitu. Tena walikuwamo wengine wa kahawia wenye madoa ya buluu hafifu. Kila mmoja alikuwa ametoa mrija wake mrefu na kuupitisha juu ya majani makavu. Tulipowasogelea hawakuruka, mmoja wetu alimgusa mmoja kwa kidole, naye akasogea hatua moja tu, kama mlevi asiyetaka kuondoka kilabuni.

Tukauliza, “Mwalimu, wanakula nini hapo pasipo na kitu?”

Akajibu, “Wanachukua sumu.”

Maelezo yake yalikuwa haya. Mmea huu una sumu kali ndani yake, ya namna ile iitwayo alkaloidi. Mmea umejiwekea sumu hiyo ili wanyama wasiule. Kipepeo hutema tone la maji kwa mrija wake juu ya jani lililokauka, sumu ikayeyuka humo, kisha akalinyonya tena tone lile. Mwili wake huiweka sumu katika hali isiyomdhuru mwenyewe. Basi ndege akimdaka kipepeo huyo hukuta uchungu mdomoni, akamtema, na siku nyingine akiona rangi zile hamrudii. Kwa sababu hiyo vipepeo hawa huruka polepole, wala hawajifichi. Rangi zao ni tangazo.

Tena karibu wote wajao pale ni madume. Dume ana vifundo viwili vya nywele laini, kama brashi, vilivyofichwa mwishoni mwa tumbo lake. Sumu aliyoichukua katika mmea, sehemu yake hugeuzwa kuwa harufu, nayo huwekwa katika brashi hizo. Anapomchumbia jike, humpitia karibu na kuzikunjua brashi mbele yake, jike akaijua ile harufu. Dume asiyepata kamwe mmea wa namna hii hukosa harufu hiyo, na uchumba wake huwa na shida. Twaweza kusema kwamba ni mahari yake, naye hana budi kuitafuta kwa jasho kabla ya kubisha hodi.

Jambo hili halikugunduliwa siku moja. Mwaka 1955 Mmarekani William Beebe, aliyekuwa akichunguza wanyama katika kisiwa cha Trinidad, aliandika jinsi mmea huu huu ukikaushwa unavyowavuta vipepeo. Baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, wataalamu kama Mjerumani Michael Boppré waliwachunguza vipepeo wa Afrika, hata nchini Kenya. Waliona kwamba vipepeo hao huja kwa ajili ya dawa ile tu, wala si kwa chakula. Waliona pia kwamba mahali palipo na majani mabichi, vipepeo huyakwaruza kwa kucha za miguu ili maji yake yatoke.

Jioni ile tulifanya jaribio letu. Tuling'oa mimea mitano, tukaifunga kwa kamba ya mgomba, tukaitundika uani kwa Koko. Siku ya pili haikuonekana kitu. Siku ya tatu, jua lilipopanda na fungu letu kunyauka vizuri, alikuja kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa, kisha watatu, kisha hatukuweza kuhesabu. Watoto wa jirani walikaa mchangani wakitazama, kimya kabisa.

Mwalimu aliwaonyesha watoto hao mambo mengine mawili. Kwanza, kati ya majani mabichi alipata nondo mdogo mweupe, mwenye vidoa vyekundu na vyeusi kama kitambaa cha sikukuu. Huyu, tofauti na vipepeo wale, huanza kula sumu tangu akiwa kiwavi juu ya mmea huo huo, naye hatembei usiku tu kama nondo wengine. Huruka mchana bila hofu. Pili, alituonya tusidanganyike na kila kipepeo wa rangi ya chungwa. Yuko mwingine aitwaye Hypolimnas misippus, ambaye dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe, lakini jike lake limevaa nguo ile ile ya chungwa ya Danaus. Jike huyo hana sumu yoyote. Amevaa sare ya askari bila kuwa na bunduki, na ndege humheshimu vivyo hivyo.

Wasomaji wapendwa, kama habari ingeishia hapo, tungerudi nyumbani na furaha tupu. Lakini siku ile ile ya tatu, wakati watoto wakihesabu vipepeo uani, tulinusa kitu kikichemka jikoni. Tulipochungulia tuliona sufuria ndogo juu ya mafiga matatu, na ndani yake majani mapana yenye malaika. Hatukuhitaji kuuliza ni majani gani.

Mjukuu wa Koko alikuwa akikohoa usiku, na tumbo lilikuwa likimsumbua. Koko alimpikia dawa aliyofundishwa na mama yake. Katika nchi nyingi za joto watu huyatumia majani haya: huyaponda na kuyaweka juu ya vidonda na majipu, na wengine huyachemsha na kunywa. Koko alimnywesha mtoto kikombe kimoja jioni na kimoja asubuhi, na hiyo ilikuwa juma la pili.

Tulitazamana na mwalimu. Sisi tulikuwa wageni, tumelala chini ya paa lake na kula chakula chake. Mgeni atamwambiaje mzee mwenye nyumba kwamba dawa ya mama yake ni sumu? Na mwalimu, ambaye umri wake haukufika nusu ya umri wa Koko, angeanzia wapi? Hata hivyo mtoto alikuwa amekaa mlangoni, na kikombe chake kilikuwa tayari.

Mwalimu aliketi juu ya kigoda kilicho chini kuliko cha Koko, akasema kwa sauti ya upole, “Koko, umewaona vipepeo uani?”

“Nimewaona. Mmewaleta ninyi na majani yenu.”

“Unajua kwa nini kuku wako hawawashiki, nao wako mbele ya midomo yao?”

Koko akatazama nje. Kwa kweli kuku walikuwa wakipita chini ya fungu lile bila kuwajali. Ndipo mwalimu akamweleza, taratibu, habari yote ya sumu: jinsi mmea unavyoitunza, jinsi kipepeo anavyoiazima, jinsi ndege anavyoiogopa. Akamwambia kwamba maji ya moto hayaiui sumu hiyo, bali huitoa katika majani na kuiingiza katika maji. Mtu akinywa, sumu huenda katika ini. Haiumi siku hiyo. Huziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini, kidogo kidogo, hata tumbo hujaa maji na mwili hukonda, na watu wakadhani ni ugonjwa mwingine. Na mtoto mdogo hudhurika upesi kuliko mtu mzima.

Sisi nasi tulimweleza habari ya Afghanistan. Katikati ya miaka ya 1970, kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, baada ya ukame mkali, magugu ya ukoo huu wa Heliotropium yalimea kati ya ngano. Mbegu zake zikavunwa na kusagwa pamoja na nafaka, watu wakala mkate. Waganga walipowachunguza watu 7,200, waliona kwamba zaidi ya mmoja katika kila watano ana dalili za ugonjwa wa ini. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1976. Huko Marekani nako wataalamu walitoa kitu katika mmea wetu huu, wakakijaribu kwa wagonjwa wa kansa ya damu, wakitumaini kuwaponya. Wagonjwa wengine walidhurika ini, na dawa hiyo haikuendelea.

Koko alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Mama yangu alininywesha haya nikiwa mtoto, nami ni huyu hapa.”

Mwalimu akainamisha kichwa. “Ndiyo, Koko, nasi twashukuru kwamba uko. Lakini wale wasiopona hawako hapa watuambie.”

Hatukujua kama maneno hayo yamemchoma. Koko hakuimwaga ile dawa, wala hakukasirika. Aliitua sufuria, akaifunika, akaisogeza mbali na mlango. Halafu akaanza kuulizauliza mambo ya mtumbwi wetu: utaondoka saa ngapi, utapita Basoko, una nafasi ya watu wangapi. Ndipo tukaelewa.

Kesho yake alfajiri aliteremka mtoni amevaa kitenge chake kizuri, na mtoto mgongoni. Mtumbwi uliondoka katika ukungu, tukawafikisha Basoko kwa mwuguzi. Alimsikiliza mtoto kifuani, akampapasa tumbo, akampa dawa ya kifua na ya minyoo. Koko mwenyewe ndiye aliyemwambia habari ya majani, bila kuulizwa. Mwuguzi alimsifu kwa kulitaja jambo hilo, kwa kuwa wengi hulificha, akamwagiza asimpe tena, na amrudishe mtoto baada ya juma mbili ili alitazame ini lake. Zaidi ya hayo hatuna habari, maana mashua yetu ya kupanda Kisangani ilikuwa inapiga honi.

Wasomaji, hatusemi kwamba dawa zote za wazee ni mbaya. Miti mingi ya misitu yetu imeponya watu, na hospitali zenyewe zimejifunza kwayo. Lakini usilolijua ni kama usiku wa giza. Mmea mmoja waweza kuwa ngao kwa kipepeo na msiba kwa mtoto. Basi kama kwenu umeota mmea wenye malaika na maua ya buluu yaliyopangwa juu ya mkia wa nge, waachieni vipepeo, wala msiunywe. Na mama mwenye mimba, au anyonyeshaye, ajihadhari zaidi, kwa kuwa sumu ya namna hii hupita hata katika maziwa.

Nanyi wanafunzi, fanyeni jaribio tulilolifanya sisi. Ng'oeni mimea michache, oshesheni mikono, itundikeni juani mahali ambapo mbuzi na watoto wadogo hawafiki, mkasubiri siku mbili au tatu. Andikeni katika daftari ni vipepeo wa rangi gani waliokuja, na saa ngapi. Kisha waiteni bibi na babu waje kuwatazama pamoja nanyi.

Tulipotazama upande wa Barumbu kwa mbali, fungu la mchanga lilikuwa linang'aa kwa jua la asubuhi. Maji yatakapopanda mmea ule utazama wote, na mbegu zake zitachukuliwa na mto kwenda chini. Mwakani, maji yakipungua, utaota tena.